Kifungu kwa Kifungu: Urais na Katiba nchini Kenya

Katiba ya Kenya ya mwaka 1963, iliyotokana na mazungumzo ya Lancaster House jijini London, iligawa madaraka kwa makusudi. Waziri mkuu aliwajibika kwa Bunge, Seneti iliwakilisha wilaya, na majimbo yalikuwa na mabaraza yake. Mpango huo haukudumu. Tarehe 12 Desemba 1964 nchi ikawa jamhuri, na Jomo Kenyatta akawa mkuu wa nchi na wa serikali kwa pamoja. Mwaka 1966 Bunge lilipitisha mabadiliko ya kuiunganisha Seneti na Baraza la Wawakilishi. Mwaka huohuo, Oginga Odinga na wenzake walipohamia chama kipya cha KPU, sheria ilibadilishwa haraka ili mbunge anayehama chama apoteze kiti na kurudi kwa wapiga kura. Kisha ikafunguliwa njia ya kuwaweka watu kizuizini bila kesi.

Linalouma zaidi katika historia hii ni kwamba ngome hizo za kugawa madaraka zilibomolewa na wabunge wenyewe, kwa kura zao. Mwaka 1975 katiba iliguswa kwa ajili ya mtu mmoja: rais alipewa uwezo wa kusamehe makosa ya uchaguzi, na Paul Ngei, mwanasiasa aliyekuwa amezuiwa kwa kosa kama hilo, akarudi kwenye siasa. Chini ya Rais Daniel arap Moi, kifungu cha 2A cha mwaka 1982 kiliifanya KANU kuwa chama pekee halali. Mwaka 1986 Mwanasheria Mkuu na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu waliondolewa kinga ya kazi, na mwaka 1988 ikawa zamu ya majaji. Jaji anayeweza kufutwa kwa amri ya rais hawezi kutarajiwa kumhukumu rais bila hofu.

Majaji walirudishiwa kinga yao mwaka 1990. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991, na ukomo wa mihula miwili ukaja mwaka 1992. Ndio uliomwondoa Moi Ikulu mwaka 2002. Lakini urais wenyewe ulibaki mzito, na kwa sababu hiyo uchaguzi wa Desemba 2007 ulipiganiwa kufa na kupona. Watu zaidi ya 1,000 walikufa.

Katiba iliyopitishwa kwa kura ya maoni tarehe 4 Agosti 2010 ilijengwa juu ya majeraha hayo. Seneti ilirejea, kaunti 47 zikapewa angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, na mawaziri wakawa lazima waidhinishwe na Bunge. Muhimu kuliko yote, mabadiliko yanayogusa muhula wa rais, uhuru wa mahakama au ugatuzi sharti yapelekwe kwa wananchi. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, ilifuta ushindi wa rais aliyekuwa madarakani. Machi 2022 mahakama hiyohiyo ilizima mpango wa BBI wa kubadilisha katiba, ikiamua kwamba rais hawezi kuanzisha mabadiliko kwa njia ambayo katiba imewatengea raia.