Nikeli ya Kabanga na Vita vya Mbali

Sisi wa Shinyanga na Geita tumezoea habari za dhahabu. Dhahabu hupenda hofu: mataifa yakiogopa vita, matajiri huikimbilia, na bei yake hupanda, Oktoba 2025 ilipita dola 4,000 kwa wakia moja. Lakini nikeli, itumikayo katika betri za motokaa ziendazo kwa umeme pasipo moshi, hofu huitendea vinginevyo.

Nikeli yetu ilivumbuliwa Kabanga, wilaya ya Ngara, katika miaka ya 1970. Makampuni yakapokezana, wala hapana lililofungua mgodi. Januari 2021 Serikali ilifanya mapatano mapya na wageni, ikajiwekea sehemu 16 katika kila 100, ikaundwa kampuni ya Tembo Nickel. Tena, mgodi wa dhahabu wa Buzwagi, karibu na mji wa Kahama, ulipofungwa mwaka uo huo, mahali pake pakachaguliwa pawe kiwanda cha kusafishia nikeli.

Basi Februari 2022 majeshi ya Urusi yaliishambulia Ukraine. Urusi ni mmojawapo wa wauzaji wakubwa wa nikeli. Tarehe 8 Machi bei katika soko la London ilipita kwa kitambo dola 100,000 kwa tani, hata biashara yake ikasimamishwa. Marekani nayo haikupenda kutegemea Urusi wala China. Machi 2023 Kamala Harris, aliyekuwa Makamu wa Rais wa nchi hiyo, alisema mjini Dar es Salaam kwamba kiwanda hicho huenda kingepeleka nikeli kwao kuanzia mwaka wa 2026. Ni nani asingefurahi?

Lakini Indonesia, iliyokataza nikeli ghafi isitoke nchini mwake tangu Januari 2020, ilikuwa imejengewa viwanda vingi na Wachina, na nikeli yake ikafurika duniani. Bei ikaanguka. Kampuni ya BHP, iliyotia fedha zake Kabanga, ilisimamisha kazi ya nikeli huko Australia Oktoba 2024, na mwaka wa 2025 ikauza sehemu yake ya Kabanga.

Bei hugeuka kwa siku moja, bali mgodi hujengwa kwa miaka, tena kwa fedha za kukopa. Mwenye kukopesha huuliza: Vita vikiisha, bei itakuwaje? Hivyo ugomvi uleule uliofanya Kabanga itamaniwe ndio uliofanya fedha zisitesite. Nadhani ni vigumu kumweleza hayo kijana wa Kahama angojaye kazi. Mwaka wa 2025 ulipokwisha, pale Buzwagi palikuwa bado hapajasafishwa nikeli hata kilo moja.