Mtu wetu pale Westminster Abbey

Zamu za usiku zimenibana kweli. Juzi asubuhi nimetoka kazini nikapitia Westminster Abbey kuziangalia zile sanamu kumi za wafia imani wa karne ya 20, zilizowekwa juu ya mlango wa magharibi mwaka 1998. Mmoja wao ni jirani yetu: Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Kanisa Anglikana Uganda.

Februari 5, 1977, usiku wa manane, askari wa Idi Amin walivamia nyumba yake wakitafuta silaha. Hawakukuta kitu. Angeweza kunyamaza, wengi walinyamaza (na nani angewalaumu?). Yeye na maaskofu wenzake wakamwandikia Amin barua ya kupinga uonevu na mauaji. Februari 16 akakamatwa pamoja na mawaziri wawili. Kesho yake serikali ikatangaza kwamba wote watatu wamekufa kwa ajali ya gari. Ila waliofungua jeneza lake kijijini Mucwini walikuta matundu ya risasi.

Mimi kazini huwa naficha hata kwamba nasali, wenzangu wasije wakanicheka. Kuchekwa tu, jamani! Nilisimama pale chini nikimtazama mpaka basi langu likanipita.