Tibakemikali kabla ya upasuaji wa uvimbe wa Wilms

Tibakemikali kabla ya upasuaji wa uvimbe wa Wilms ni matumizi ya dawa za saratani kwa mtoto mwenye uvimbe wa figo kabla figo hiyo haijaondolewa. Uvimbe huu, ambao ndio saratani ya figo inayowapata watoto zaidi, hasa walio chini ya miaka 5, umepewa jina la Max Wilms, daktari mpasuaji Mjerumani aliyeueleza mwaka 1899.

Uvimbe usiosambaa hutibiwa kwa vinkristini na aktinomaisini D kwa wiki 4. Uliofika mapafuni huongezewa doksorubisini, na muda huwa wiki 6. Dawa husinyaza uvimbe na kupunguza hatari ya kupasuka wakati wa upasuaji, jambo linaloweza kumwaga seli za saratani tumboni. Marekani kwa kawaida hutanguliza upasuaji; Afrika Mashariki, ambako watoto wengi hufikishwa hospitali tumbo likiwa limeshajaa uvimbe, kutanguliza dawa kunafaa zaidi.

Nchini Tanzania, kwa mfano, kwa mtoto wa Bigwa, kata ya Manispaa ya Morogoro chini ya milima ya Uluguru, tiba hii hupatikana katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, takriban kilomita 190 kutoka Morogoro. Nauli na malazi ya mzazi ni sehemu ya tiba yenyewe, kwani kuikatisha huipa saratani nafasi ya kurudi. Utapiamlo huongeza madhara ya dawa, hivyo dozi huweza kupunguzwa. Baada ya upasuaji, dawa huendelea kulingana na hatua ya ugonjwa na aina ya seli zilizoonekana kwenye hadubini.