Udongo Mweusi wa Amazon

Msomaji, hata mkaa waweza kuwa shahidi. Mwaka 1542 padre Gaspar de Carvajal, aliyeushuka mto Amazon pamoja na Francisco de Orellana, aliandika kwamba kingo zake zilijaa watu. Baadaye maradhi ya wageni yaliwaua wengi, msitu ukafunika makao yao, na padre akadhaniwa mwongo. Kwani udongo hafifu wa huko ungewalishaje watu wote hao? Lakini nchini Brazil pana mahali ambapo udongo ni mweusi, wenye rutuba, umejaa mkaa, mifupa na vigae. Hiyo ni kazi ya wenyeji wa kale. Mkaa hudumu ardhini mamia ya miaka, nao hushika chakula cha mimea kisichukuliwe chote na mvua. Basi usimdharau mkulima asiyeacha kitabu; yeye ameacha shamba.