Ujiji, Mji Ulioachwa na Ziwa

Katika nyumba nyingi za Waislamu wa Bujumbura, Rumonge na Uvira, mzee akiulizwa walikotoka babu zake, hutaja jina moja kabla ya mengine: Ujiji. Wengine asili yao ni Manyema, wengine Mrima, wengine ni Wajiji na Warundi wa nchi yenyewe. Lakini njia ya walio wengi ilipita katika mji huo. Kwa hiyo yafaa vijana waujue, si kwa sifa tupu, bali kwa yale yaliyotendeka huko, mema na maovu.

Ujiji uko kando ya mashariki ya Ziwa Tanganyika, maili chache kusini ya bandari ya Kigoma, na miji hiyo miwili imeunganishwa kuwa Manispaa ya Kigoma-Ujiji. Ndani yake mna mitaa ya Rusimbi, Kitongoni, Kasimbo, Kasingirima na Rubuga. Mgeni apitaye humo huona nyumba zenye baraza, ambapo wazee huketi baada ya sala ya alasiri. Huona pia miembe mikubwa iliyojipanga safu, ukumbusho wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi maji ya ziwa. Akishuka ufukoni hukuta mafundi wakiunda mitumbwi na maboti ya mbao, na dagaa wameanikwa juani. Mawese, chumvi ya Uvinza na samaki ndivyo vitu vilivyokuwa vikiuzwa hapo hata kabla ya kuja kwa wageni wa pwani, na sarafu ya soko ilikuwa ushanga ulioitwa sofi.

Waarabu na Waswahili walianza kufika Ujiji kiasi cha mwaka wa 1840. Mwezi wa Februari 1858, Waingereza Burton na Speke walipofika, walikuta biashara imekwisha kushika mizizi. Mkubwa wa wafanya biashara hao alikuja kuwa Mwinyi Kheri, mtu wa Mrima. Hakuwa na jeshi kubwa la kumlinda. Nguvu yake ilikuwa mapatano na watawala wa Wajiji, kwa maana nchi ilikuwa yao, na wageni walikaa kwa ridhaa yao. Mwaka wa 1881 Seyyid Barghash wa Unguja alimfanya liwali wake huko, na bendera ya Sultani ikapepea juu ya ziwa. Mwinyi Kheri akafariki mwaka wa 1885.

Biashara kubwa ya siku hizo ilikuwa pembe za ndovu, na pamoja nazo watu. Jambo hili haliwezi kufichwa katika kitabu cha ukumbusho. Watu walitekwa Manyema na nchi nyingine za magharibi, wakavushwa ziwa, wakauzwa Ujiji au wakatembezwa kwa miguu hadi pwani. Mkataba wa mwaka 1873 uliifunga biashara hiyo baharini, lakini barani iliendelea miaka mingi, na katika Tanganyika hali ya utumwa haikufutwa katika sheria mpaka mwaka wa 1922. Walioifanya wengi wao walikuwa Waislamu, na wengi wa waliotekwa wakawa Waislamu. Wajukuu wa pande zote mbili wamesimama safu moja msikitini kwa vizazi vingi. Hilo ni la kumshukuru Mungu. Lakini haliondoi dhuluma iliyotangulia, wala halimpi mtu haki ya kumdharau mwenziwe kwa asili yake.

Aliyefuata kwa nguvu baada ya Mwinyi Kheri ni Muhammad bin Khalfan al-Barwani, mwenyeji wa Lindi, ambaye watu walimwita Rumaliza. Yeye alitaka kutawala kwa bunduki. Alienea kaskazini ya ziwa na magharibi yake, lakini Burundi ya Mwami Mwezi Gisabo haikumtii, na huko Kongo majeshi ya Mfalme Leopold yalimshinda katika vita vilivyokwisha mwaka wa 1894. Hapo yapo mafunzo kwa mwenye akili: yule aliyekaa kwa mapatano aliacha mji, na yule aliyetegemea baruti aliondoka mikono mitupu.

Wageni wa mbali huja Ujiji kwa ajili ya kisa kingine. Hapo ndipo Henry Stanley alipomkuta Dk. Livingstone mwaka wa 1871, na mnara wa ukumbusho umesimama mahali hapo pamoja na miembe iliyotokana na mwembe wa zamani. Watu wachache hukumbuka yaliyofuata. Wawili hao walipanda mtumbwi wakaenda kaskazini ya ziwa kutazama kama mto Ruzizi unatoka au unaingia, wakaona kuwa unaingia. Kwa hiyo jiwe la Mugere, kusini ya Bujumbura, lililochorwa majina yao na tarehe ya 25 Novemba 1871, ni ndugu wa mnara wa Ujiji.

Ajabu ya mnara huo ni kwamba hauko majini. Siku za Livingstone ziwa lilikuwa karibu. Baadaye msafiri alilazimika kutembea kitambo kabla ya kulowesha miguu. Sababu yake ni mto Lukuga, ambao ndio mlango wa ziwa upande wa magharibi. Mlango huo ulikuwa umezibika kwa udongo na majani, maji yakapanda. Kiasi cha mwaka wa 1878 yakauvunja, na kwa miaka iliyofuata ziwa likashuka kiasi cha mita 10. Ufuko wa Ujiji ukawa mpana na kina chake kidogo, usifae vyombo vikubwa.

Ndiyo maana Wajerumani walipoleta reli kutoka Dar es Salaam, mwendo wa kilomita kiasi cha 1,250, hawakuifikisha Ujiji. Waliimalizia Kigoma, penye ghuba ya kina, mwaka wa 1914. Tangu siku hiyo mizigo ikageuza njia. Wabelgiji waliitwaa Kigoma na Ujiji mwaka wa 1916, wakazirudisha kwa Waingereza mwaka wa 1921. Lakini wakabaki na gati lao Kigoma kwa ajili ya mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi. Ujiji ukaachwa na ziwa, kisha ukaachwa na reli.

Mji mwingine ungalikufa. Ujiji haukufa, kwa sababu kitu kilichokuwa bora kuliko pembe kilikwisha kuondoka humo na kuenea. Wafanya biashara wadogo, mafundi, askari na walimu wa Kurani walifuata ufuko hadi Rumonge na Usumbura, wakavuka hadi Uvira, wakapanda milima hadi Kigali. Walichukua Kiswahili, kanzu, maulidi na dhikri ya tariqa ya Qadiriyya. Mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, ulipojaa Waswahili na Wamanyema, ulikuwa kama tawi la mti ule ule. Chuo cha mwalimu mmoja chenye mikeka na mbao za kuandikia kilifanya kazi ambayo bunduki za Rumaliza hazikuiweza.

Na njia hiyo ya maji haikuwa ya kwenda tu. Mwaka wa 1972, na tena 1993, watu wa Burundi walikimbilia mkoa wa Kigoma kutafuta salama. Mwezi wa Mei 2015 makumi ya maelfu walikusanyika katika kijiji cha Kagunga, na meli Liemba ikawabeba hadi Kigoma. Meli hiyo iliundwa Ujerumani mwaka wa 1913, ikashushwa majini Kigoma mwaka wa 1915 kwa jina la Graf von Götzen, ikazamishwa na wenyewe mwaka wa 1916, ikaopolewa mwaka wa 1924, na mwaka wa 1927 ikaanza kazi kwa jina jipya. Chombo kilichotumika vitani kikawa chombo cha kuokoa watu.

Katika miaka ya karibuni maji ya ziwa yamepanda tena, yakaingia Gatumba na mitaa ya kando ya Bujumbura, na Ujiji pia ufuko umesogea. Ziwa huja na kwenda, na hakuna bandari iliyoahidiwa kudumu. Kinachodumu ni mapatano baina ya mwenyeji na mgeni, na elimu afundishwayo mtoto. Kijana apatapo nafasi ya safari, na aende Ujiji. Apite chini ya miembe, asali katika misikiti yake, awaamkie wazee barazani, na aulize habari za babu zake kabla ya wale wanaozijua kumalizika.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, waliovuka kwa hiari na waliovushwa kwa minyororo.