Saa Chache za Unguja: Meli, Mashua na Gari la Moshi la Bububu

Desturi ya abiria wa meli kushuka Unguja asubuhi, kuutembea mji na kurudi melini kabla jua halijachwa ina umri wa karibu karne moja na nusu. Imezungumzwa upya tangu Desemba 25, 2020, siku ambayo upande wa mbele wa Beit al-Ajaib uliporomoka wakati wa matengenezo na watu wawili wakapoteza maisha. Jumba hilo, pamoja na mnara wake wa saa, ndilo lililokuwa likimpokea mgeni akiwa bado baharini. Kabla hajaona mlango wa nakshi wala uchochoro wa Mji Mkongwe, alikwisha kuona nguzo zake na veranda zake ndefu.

Mwanzo wa safari hizo ni kufunguliwa kwa Mfereji wa Suez mwaka 1869. Miaka mitatu baadaye kampuni ya British India ilianza kuleta meli ya barua Zanzibar kwa ratiba, na kisiwa ambacho kilikuwa kikingojea kaskazi na kusi kikaanza kungojea tarehe. Mwaka 1890 ikaja kampuni ya Kijerumani ya Deutsche Ost-Afrika-Linie, na Wafaransa nao walikuwa na meli zao. Abiria wengi hawakuja kutalii. Walikuwa maofisa, wamisionari, wafanyabiashara na familia zao waliokuwa njiani kwenda Dar es Salaam, Beira au Durban. Lakini meli ilihitaji makaa, maji na muda wa kupakia karafuu na pembe, na wakati hayo yakifanyika abiria walikuwa na saa kadhaa ambazo hawakuwa na la kufanya. Saa hizo ndizo zilizozaa utalii wa Unguja.

Habari za siku hizo zimehifadhiwa vizuri zaidi na wapiga picha kuliko waandishi. Meja F. B. Pearce, aliyekuwa Mkazi wa Uingereza Zanzibar, alichapisha kitabu kikubwa juu ya visiwa hivi mwaka 1920, lakini moyo wake ulikuwa kwenye magofu ya kale ya Unguja na Pemba, na sehemu nzima ya kitabu aliyapa hayo. Mambo ya barabarani yaliachiwa Wagoa, wapiga picha wenye asili ya Goa, India. Studio ya A. C. Gomes na ile ya ndugu wa Coutinho zilipiga picha bandari, masoko, Sultani na msafara wake, wachukuzi na maduka, zikazichapa kuwa kadi za posta na kumuuzia abiria aliyetaka kutuma neno nyumbani kabla meli haijang'oa nanga. Kadi hizo zimesambaa katika makumbusho na kwa wakusanyaji wa Ulaya na Marekani, na nyingi zimebaki hai kuliko vitu vilivyopigwa picha.

Kinachoonekana kwanza katika kadi za bandarini ni kwamba hapakuwa na gati la meli kubwa. Meli ilitia nanga mbali, mashua zikaizunguka, na mabaharia wakashindana kwa sauti kumpata abiria. Bei ilipatanwa huku mashua ikipanda na kushuka ubavuni mwa ngazi. Kisha ilikuwa ni kupigwa makasia hadi mbele ya Forodhani, hatua chache tu kutoka kwa Sultani mwenyewe. Kwa miaka 16 abiria hao walipita pia karibu na kaburi la meli. Glasgow, meli ya Sultani iliyozamishwa na Waingereza katika vita vya Agosti 27, 1896, ililala chini ya bandari huku milingoti yake ikiwa imechomoza juu ya maji, mpaka ilipovunjwa na kuondolewa mwaka 1912. Vita vyenyewe havikufika saa moja. Mizinga iliangusha jumba la kifalme na mnara uliokuwa mbele ya Beit al-Ajaib, na ndiyo maana mwaka uliofuata saa ikapandishwa kwenye mnara mpya uliounganishwa na jumba lenyewe.

Nchi kavu, njia ya mgeni ilikuwa ikijulikana. Alipelekwa Mkunazini kulitazama kanisa kuu la Kianglikana, lililowekewa jiwe la msingi siku ya Krismasi ya mwaka 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa. Alipitishwa madukani kwa Wahindi na Wagoa akanunua fedha, pembe na hariri. Akichoka, alipumzika Bustani ya Victoria, ambayo Sultani Seyyid Barghash aliwajengea wanawake wa nyumba yake na Sultani Seyyid Hamoud akaifungulia umma mwaka 1899. Kilichobaki kilikuwa kulitazama shamba, kwa maana wanayoijua Waunguja, yaani nje ya mji kwenye minazi na mikarafuu. Huko kulikuwa mbali kwa mguu na kwa punda. Hapo ndipo lilipoingia gari la moshi la Bububu, na hadithi ya gari hilo inastahili nafasi kubwa kuliko mistari miwili inayopewa kwa kawaida.

Halikuwa la kwanza kisiwani. Takriban mwaka 1879 Barghash alijitengenezea reli ya maili saba kutoka mjini hadi jumba lake la Chukwani, mabehewa yakivutwa na nyumbu, na mwaka 1881 akaagiza injini kutoka kiwanda cha Bagnall cha Uingereza. Ilikuwa reli ya mtu mmoja, na alipofariki mwaka 1888 ilikufa naye. Reli ya Bububu ilikuwa ya watu. Ilijengwa kati ya mwaka 1904 na 1905 na kampuni ya Kimarekani ya Arnold Cheney ya New York, wafanyabiashara wa pembe za ndovu waliokuwa na maslahi ya muda mrefu Unguja. Urefu wake ulikuwa maili saba pia, kama kilomita 11, kutoka mbele ya Ngome Kongwe hadi kijiji cha Bububu upande wa kaskazini. Kila siku wasafiri wake wengi walikuwa wenyeji: wachuuzi wa matunda, wakulima, kina mama waliokuwa na ndugu shamba. Lakini kampuni iliona faida nyingine ikielea bandarini. Liliwekwa behewa maalumu la daraja la kwanza kwa ajili ya abiria wa meli, nao wakahimizwa kupanda wauone mji kwa ndani, wavute hewa ya pwani na kuzitazama karafuu zikiwa mtini.

Safari yenyewe ilianza kwa vitisho. Reli haikuuzunguka mji. Ilipita katikati yake. Katika kadi moja ya posta ya miaka hiyo injini ndogo inatokeza mtaa wa Malindi baina ya nyumba mbili za ghorofa, na nafasi iliyobaki kati ya behewa na ukuta haimtoshi mtu kunyoosha mkono. Watu wamejibana milangoni na wengine wamepanda barazani. Mtu aliyekaa dirishani angeweza kutazama ndani ya nyumba za watu, na waliokuwa ndani walimtazama yeye. Kila treni ilipokaribia, kahawa na mazungumzo ya barazani vilikatika mpaka behewa la mwisho lipite.

Malalamiko hayakukosekana. Injini ilitema cheche; nguo za abiria zilitoboka, na penye mapaa ya makuti cheche ni balaa. Wenye nyumba za Malindi walilalamikia moshi na mtikisiko. Hao hao, hata hivyo, ndio waliopanda treni kwenda kuwatazama jamaa zao, kwa kuwa nauli ilikuwa nafuu na hapakuwa na chombo kingine cha kuwafikisha Bububu kwa haraka hivyo. Ugomvi wa mji na treni yake ulikuwa ugomvi wa watu wanaohitajiana, na ni makosa kuueleza, kama wageni wengi walivyozoea, kuwa ni kichekesho cha watu waliotishwa na mashine. Unguja ilikuwa na reli ya mjini yenye kutumika kila siku mwaka 1905, wakati sehemu kubwa ya bara la Afrika haikuwa na reli ya aina yoyote.

Ikishavuka Funguni treni ilishika pwani, na hapo abiria wa meli alipata thamani ya fedha yake. Upande mmoja bahari, upande mmoja minazi. Ilipita jirani na nyumba aliyofikia David Livingstone mwaka 1866 alipokuwa akijiandaa kwa safari yake ya mwisho ya bara. Mbele kidogo palikuwa Maruhubi, jumba la Barghash lililoungua mwaka 1899 likabakiza nguzo zimesimama kati ya miembe. Kisha Mtoni, kasri la Sultani Seyyid Said ambamo binti yake, Bibi Salme, alizaliwa mwaka 1844. Kitabu cha kumbukumbu zake kilikuwa kimechapishwa Ujerumani tangu mwaka 1886, na bila shaka baadhi ya Wajerumani walioshuka kutoka meli zao walikijua kisa chake kabla hawajayaona maji aliyochezea. Ndani ya maili chache gari hilo lilimpitisha mgeni katika nusu karne ya historia ya ufalme wa Zanzibar, na likamrudisha mjini wakati meli bado inapakia.

Serikali iliinunua reli mwaka 1911. Vita Vikuu vya Kwanza vikapunguza abiria. Meli za Kijerumani zilitoweka, na Septemba 20, 1914 manowari ya Uingereza, Pegasus, ilipigwa na Königsberg ikiwa imetia nanga bandarini. Baada ya vita zikaja motokaa na barabara za lami, na mgeni akawa anaweza kupelekwa Dunga au Mangapwani bila kungoja ratiba ya treni. Miaka ya 1920 gari la Bububu liliacha kuchukua abiria, likabaki kubeba mawe na kifusi cha kujazia bahari kwa ajili ya bandari mpya ya Malindi. Kazi hiyo ilipokamilika mwishoni mwa muongo huo, reli iling'olewa. Bandari hiyo ilijengwa kwa mawe yaliyopita juu ya reli hiyo.

Ni jambo la kusikitisha kwamba urithi huu hautunzwi kwa uzito unaostahili. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na ni haki yake. Lakini mgeni wa leo huonyeshwa kanisa la Mkunazini, Ngome Kongwe na nyumba zinazohusishwa na mwanamuziki Freddie Mercury, akaondoka bila kujua kwamba mbele ya ngome hiyo palikuwa kituo cha treni. Tuta la reli, picha za Wagoa na habari za Waunguja waliojenga, walioendesha na waliolalamika vingetosha kabisa kuwa chumba kimoja cha makumbusho.

Treni ilikwisha, lakini meli hazikukoma. Miaka ya baina ya vita vikuu viwili na ile ya 1950 ilikuwa ya meli kubwa zenye raha. Union-Castle ilizunguka Afrika nzima, na British India ilileta Kenya na Uganda, meli mbili mpya za mwanzoni mwa miaka ya 1950 zilizotoka London kupitia Suez. Wakati huo eneo la bahari lililofukiwa mbele ya ngome lilikwisha kuwa bustani, iliyotengenezwa katikati ya miaka ya 1930 kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sultani Seyyid Khalifa. Ndiyo Forodhani ya sasa. Ratiba ya mgeni haikubadilika sana, ila punda na treni vilikuwa vimepisha teksi, na kisiwa cha Changuu, chenye kobe wakubwa wenye asili ya Shelisheli, kikawa matembezi ya mashua.

Ndege ziliwachukua abiria hao. Meli za ratiba zilipungua katika miaka ya 1960, Mapinduzi ya Januari 12, 1964 yakabadili siasa na uchumi wa visiwa, na kwa karibu miaka 20 wageni wa kushuka kwa siku moja wakawa wachache. Milango ilipofunguliwa tena katikati ya miaka ya 1980, mgeni alikuja kwa ndege na boti za kasi kutoka Dar es Salaam, akalala hotelini wiki nzima. Meli za matembezi zilirudi baadaye, hasa msimu wa kaskazi, zikiwa na watu wengi kuliko waliowahi kushuka katika mashua za Forodhani. Abiria wake hupokewa bandarini na mabasi madogo, wakagawanywa kati ya ziara ya mji, ziara ya viungo Kizimbani na safari ya Changuu, huku mapapasi, yaani madalali wa watalii, wakijaribu kuwapata waliobaki. Bustani ya Forodhani ilikarabatiwa na taasisi ya Aga Khan na kukabidhiwa mwaka 2009. Beit al-Ajaib, iliyofungwa tangu mwaka 2012 baada ya sehemu yake ya kwanza kuanguka, ingali inasubiri kusimama upya.