Jenerali na Wapagazi Wake: Sifa ya von Lettow-Vorbeck Katika Mizani

Paul von Lettow-Vorbeck aliwasili Dar es Salaam Januari 1914 akiwa luteni kanali, kuliongoza jeshi la koloni la Ujerumani la Afrika Mashariki. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia alirudi kwao akiwa jenerali, na Machi 1919 Berlin ilimpokea kwa gwaride kama kamanda asiyeshindwa. Sifa hiyo ingali hai katika historia nyingi za kijeshi. Ninachopinga si ushujaa wake wala akili yake ya vita, bali namna sifa yenyewe inavyopimwa: mapigano huhesabiwa, chakula na mizigo havihesabiwi. Vikihesabiwa, sehemu kubwa ya kile kiitwacho ustadi huonekana kuwa deni lililolipwa na wakulima na wapagazi.

Bagamoyo inalionyesha jambo hili vizuri. Mji uliokua kwa biashara ya misafara ulipigwa mizinga na meli za Uingereza tarehe 15 Agosti 1916, wanamaji wakateremka, ukatekwa siku hiyohiyo. Dar es Salaam ilifuata Septemba 4. Von Lettow-Vorbeck hakuhesabu hasara hiyo kuwa mwisho wa vita, kwani hakukusudia kuilinda miji. Alitaka kuwavuta adui bara ili nguvu zao zisiende Ulaya. Lakini pwani na reli ya kati zilipomtoka, usafirishaji ukarudi kule ulikokuwa zama za misafara: risasi na unga vikabebwa na watu. Mpagazi hubeba kilo 25 hadi 30. Akila kilo moja kwa siku, aliyejitwika unga anaumaliza mzigo wake kabla ya mwezi kwisha, bila kumlisha askari hata mmoja. Jeshi la namna hiyo haliishi kwa ghala. Linaishi kwa kukomba nafaka ya kila kijiji linamopita. Kule Ugogo Wajerumani walichukua nafaka na ng'ombe, Waingereza waliokuja nyuma yao wakachukua kilichobaki, na mvua zilipokosekana njaa ya Mtunya ikaua watu wanaokadiriwa kufikia 30,000.

Watetezi wake hutaja Tanga, Novemba 1914, ambako watu wake wapatao 1,000 walilirudisha baharini jeshi la watu 8,000 kutoka India. Huo ulikuwa ushindi wa kweli. Mahiwa, Oktoba 1917, ni jambo jingine: Waingereza walipoteza zaidi ya nusu ya kikosi chao, naye akapoteza watu zaidi ya 500 asioweza kuwapata tena. Wiki chache baadaye aliacha mamia ya wagonjwa nyuma na kuvuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Ushindi unaomfukuza mshindi katika nchi anayoitetea unastahili jina dogo zaidi. Hata lengo lake la kuwazuia adui wasiende Ulaya lilitimia nusu tu. Meli na fedha za Waingereza zilitumika, ndiyo. Lakini kufikia 1917 waliompiga walikuwa hasa Waafrika, ambao Uingereza haikuwa na nia ya kuwapeleka Ufaransa.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba Waingereza walitumia wapagazi wengi kuliko yeye, na hesabu zao wenyewe zinakaribia vifo 100,000. Ni kweli, na dhambi hiyo ni yao. Hata hivyo Gavana Heinrich Schnee alitaka koloni libaki nje ya vita kwa mujibu wa Mkataba wa Berlin wa 1885. Kamanda ndiye aliyekataa, na kila mwaka aliourefusha ulidai vichwa vipya vya kubeba mizigo pande zote mbili. Upande wake hakuna hata orodha kamili ya waliokufa.

Na utiifu wa askari wake Waafrika, unaosifiwa mno? Mwaka 1916 walizidi 11,000. Alipoweka silaha chini Abercorn, Novemba 25, 1918, walikuwa 1,168. Wengine walikufa, walitekwa, waliugua, wengine walitoroka. Waliobaki walikuwa na mishahara wanayodai, na wake na watoto waliotembea nao msafarani, sababu tosha za kubaki bila kumpenda jenerali yeyote. Madai hayo yalishughulikiwa na Bunge la Ujerumani Magharibi mwaka 1964, mwaka aliofariki von Lettow-Vorbeck. Fedha zilitengwa kwa ajili ya askari wa zamani, wapagazi hawakuwamo.